Koja la Maua kwa Mtu Aliye Hai

Vadivu alivua ndala zake mlangoni pa ukumbi wa wachimbaji, akazisogeza pembeni, akajipangusa nyayo kwa pindo la sari kabla ya kukanyaga ndani. Sakafu ilikuwa imepigwa deki asubuhi ile. Aliyeipiga alikuwa mwalimu Jebaraj mwenyewe, suruali ameikunja hadi magotini, na Vadivu aliliona hilo akaliweka moyoni, kwa sababu si walimu wengi wanaokubali kuinama mbele ya ndoo.

"Karibu, bibi," alisema Jebaraj. "Wageni wanakuja saa kumi. Wewe tazama sasa kwa nafasi yako, jioni hapa hapatakuwa na pa kugeukia."

"Ndiyo maana nimewahi. Macho yangu siku hizi yanataka kubembelezwa."

Kwa muda mrefu kijana huyo alikuwa akipita nyumba hadi nyumba katika mji wa Thangapuram, akiomba picha za zamani. Watu walizitoa chini ya magodoro, ndani ya masanduku ya bati, nyuma ya kalenda za miungu. Nyingine zilitoka kwa mtoto wa mpiga picha wa zamani wa mji, aliyekuwa na kreti nzima iliyojaa vioo vya picha. Jebaraj alizisafisha, akazitia fremu, akazitundika kuanzia mlangoni mpaka jukwaani kwa kufuata miaka, hivi kwamba aliyetembea kandokando ya ukuta alitembea pamoja na mji.

Picha ya kwanza ilikuwa kilima kitupu, mahema mawili na mbuzi. Mji wenyewe ulikuwa bado haujazaliwa. Iliyofuata ilionyesha ng'ombe, jozi nyuma ya jozi, wakivuta tangi la mvuke kubwa kama nyumba kupandisha mlima. Wanaume waliolisukuma kwa nyuma walivaa vitambaa viunoni tu, na mmoja wao alikuwa anacheka. Vadivu naye akacheka. Hakumjua, lakini mtu anayeweza kucheka chini ya mzigo wa namna ile angefaa kuwa jirani.

Akafika kwenye picha ya mwaka umeme ulipoingia. Balbu moja ilining'inia kwenye kona ya barabara, na watu wa vijijini walikuwa wamekuja na mikokoteni yao kuishangaa. Mzee mmoja alikuwa amenyanyua sigara yake ya biri juu, anajaribu kuiwasha kwenye balbu. Kwenye picha nyingine, wakubwa wa kizungu walikuwa mezani, nyuso zote zimeinamia sahani, na mtumishi mwenye kilemba ndiye peke yake aliyeitazama kamera, tena bila woga. Halafu timu ya mpira, wachezaji wote pekupeku, siku walipowafunga wanajeshi wenye viatu. Golikipa alilishika kombe kwa uangalifu, kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani ampakate.

Kwenye picha ya wanawake waliochambua mawe ya dhahabu alisimama muda mrefu kuliko kwingine kote. Mama yake alifanya kazi ile mpaka vidole vikapinda. Mama yake hakuwemo pichani, lakini wote waliokuwemo walijifunga kitambaa kichwani kwa namna ya mama yake, fundo nyuma ya sikio la kushoto. Vadivu aliunganisha viganja vyake kifuani akawasalimu mmoja mmoja.

Picha za mwanzo zote zilivishwa makoja ya maua ya rangi ya chungwa, maana nani kati ya watu wale angekuwa bado yupo? Kadiri miaka ilivyosogea, makoja yalipungua. Jebaraj alikuwa ameuliza kwa makini ni nani amefariki na nani bado yupo, ili asimvishe maua mtu anayekula na kunywa. Vadivu aliipenda heshima ile.

Kisha akafika mbele ya picha aliyoijua hata kabla ya kuisogelea.

Ilipigwa mdomoni mwa shimo kuu, alfajiri. Kule chini mwamba ulikuwa umepasuka wenyewe, kama ulivyokuwa na tabia ya kupasuka, ukawafungia watu wa zamu ndani. Mji mzima ulikesha getini. Vadivu alikuwa bibi harusi mpya, manjano ya harusi hayajamtoka mashavuni. Mama mkwe wake alikuwa ameshakata tamaa. Aliishusha ukutani picha ya mwanawe, akaanza kutunga maua huku analia. Vadivu hakusema neno. Aliichukua picha akaizika ndani ya mtungi wa unga wa ulezi, akaukalia mtungi. Walimsihi, walimtukana, hakuinuka. Ndipo king'ora kikalia mlio wa furaha, na kizimba cha kushusha na kupandisha wachimbaji kikapanda juu na watu walio hai. Mumewe alitoka wa mwisho, kichwa wazi, mweusi wa vumbi, amembeba mwenzake Lourdu mgongoni kama gunia la vitunguu.

Hiyo ndiyo picha. Wenzao wa zamu wamesimama nyuma yao. Lourdu amekunja uso kwa maumivu ya mguu, na mumewe ameachama anapiga kelele. Wengi walidhani anashangilia. Kumbe alikuwa anaomba maji.

Na sasa picha ile ilikuwa imevishwa koja. Chini yake palikuwa na karatasi. Vadivu aliisoma taratibu, herufi kwa herufi, kisha akairudia: "Marehemu Ekambaram, kiongozi wa zamu."

"Mwalimu."

"Naam, bibi."

"Huyu amekufa lini?"

Jebaraj alishusha sauti kwa adabu. "Pole, bibi. Ni nani yako?"

"Mume wangu. Nimemwacha nyumbani sasa hivi, ananung'unika kwamba uji una chumvi nyingi."

Kitambaa cha kufutia vioo kilimdondoka Jebaraj. Alimtazama Vadivu, akauona mkufu wa ndoa shingoni na nukta nyekundu katikati ya paji, akajipiga kofi kwenye shavu lake mwenyewe.

"Bibi, kumbe ni wewe niliyekupigia simu! Nilikuuliza jina la huyu wa katikati, ukanyamaza. Halafu ukasema, siwezi kulitamka, mwanangu, muulize mwenye duka. Sauti yako ilikuwa inatetemeka. Nikajua nimegusa kidonda."

"Nilikuwa nakata vitunguu," Vadivu alisema. "Na jina la mume nitalitamkaje mimi? Wewe hukulelewa na bibi?"

"Nimelelewa mjini. Mke wangu ananiita Jebaraj mbele ya mama yangu. Juzi ameniita Jeba."

"Maskini," Vadivu alisema, na hakumwonea huruma mke.

Wanawake wa rika lake hawakutaja majina ya waume zao. Walifundishwa kwamba jina likitoka mdomoni mwa mke linampunguzia mume siku zake. Alikuwa "baba Mallika" tangu binti yao alipozaliwa, na kabla ya hapo alikuwa "yeye". Hospitalini, muuguzi alipouliza jina la mgonjwa, Vadivu alimwambia ni la mungu wa hekalu kubwa la mji wa Kanchi, na muuguzi akakisia mpaka akapatia.

Jebaraj alikuwa ameshanyoosha mkono kuliondoa koja. Vadivu akaushika mkono ule.

"Usiguse. Mama mkwe wangu aliyajua mambo haya. Alisema koja likivishwa kwa makosa kwa aliye hai, halivuliwi na mwingine. Analivua mwenyewe, kwa mkono wake, watu wakimwona."

"Basi tumwite, bibi. Nitakuja kumwomba radhi, nitaanguka miguuni pake."

Vadivu aliuachia mkono wa Jebaraj. Mumewe hakuwa amevuka kizingiti tangu mvua zilipoanza, na sasa mvua zilikuwa zimekwisha. Vumbi la mwamba lilikuwa limekaa kifuani mwake, hilo ni kweli, lakini daktari alisema miguu yake ni mizima, atoke, aote jua, aonane na watu. Yeye alijilaza akaugeukia ukuta. Hakukuwa na kelele wala ugomvi. Alikuwa anaondoka kidogo kidogo, kila siku hatua moja, na Vadivu alimwona.

"Na asipokuja?" Jebaraj aliuliza.

"Basi mtakuwa mmesema kweli," Vadivu alisema, akaenda kutafuta ndala zake.

Nyumbani alikuta mtungi wa maji umejaa pembeni ya mlango. Binti wa nyumba ya pili alikuwa ameuleta, kama kawaida yake. Hubisha hodi kwa mguu, kisha huondoka kabla hajashukuriwa. Ndani, mumewe alikuwa palepale, mgongo kwa dunia. Lourdu alikuwa amekaa kwenye kigoda, mguu wake mbovu ameunyoosha mbele, anamsomea gazeti kwa sauti ya kugombana nalo.

"Shemeji, njoo unisaidie," Lourdu alisema. "Nimemsomea siasa, nimemsomea kriketi, nimemsomea hata bei ya nyanya. Huyu hata kuguna haguni."

Vadivu aliwaeleza yote, picha, koja na karatasi ya chini. Lourdu alishtuka mpaka gazeti likachanika. Lakini mumewe, bila kugeuka, alisema taratibu:

"Waache. Wametangulia kidogo tu."

Vadivu alihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

"Baba Mallika, usiseme hivyo."

"Nimesema. Nitakwenda nikafanye nini kule? Nikohoe mbele za watu kama injini kuukuu? Waliokuwa wananihitaji nimeshawatumikia. Acha maua yakae."

"Wewe mwanaume," Lourdu aliingilia, "ulinibeba mgongoni gizani, huku nakulilia kama mtoto, nikakuambia niache hapa. Ulinijibu nini? Ulinijibu, funga mdomo, unaninukia kitunguu saumu. Leo mimi nikujibu nini?"

Ukuta tu, na bega linalopanda na kushuka.

Vadivu alimtazama mume wake. Alifikiri habari ya mtungi wa ulezi, jinsi alivyoukalia kimya usiku kucha, na kimya chake kikatosha. Sasa aliona kwamba kimya hakitatosha tena. Alikaza fundo la nywele zake, akasimama kwenye mlango wa chumba, akavuta pumzi.

"Ekambaram!"

Lourdu alikimeza alichokuwa anataka kusema. Nje, mtu aliyekuwa anafua aliacha kufua.

"Ekambaram," alirudia, na sauti yake sasa ilikuwa imepata njia. "Inuka. Jina lako nililihifadhi miaka yote hii ili uishi. Kama hutaki kuishi, nalihifadhia nini? Nitalisema kisimani, nitalisema sokoni, nitaliita kama mtu anayeita kuku wake. Ekambaram! Ekambaram!"

Bega lilitulia. Mzee akageuka polepole, akamtazama mkewe kana kwamba ni mtu aliyeingia nyumba siyo.

"Wewe," alisema. "Umesema nini?"

"Umesikia."

"Umeniita kwa jina."

"Mara nne. Na nina pumzi ya mara nyingine."

Uso wake ulianza kukunjamana. Vadivu alidhani analia, akajuta. Kumbe ni kicheko. Kilitoka na kikohozi ndani yake, kikohozi kikaisha, kicheko kikabaki. Alicheka mpaka akashika ukingo wa kitanda, na kwa kuwa alikuwa ameshaushika, akajiinua akaketi.

"Lourdu, umemsikia mwanamke huyu?"

"Mtaa mzima umemsikia, kaka."

"Unalitamka vibaya," Ekambaram alimwambia mkewe. "Umelikata katikati. Leta shati langu jeupe. Na mtu amwite Muniappa aje aninyoe. Siwezi kwenda kufufuka na ndevu hizi."

Muniappa kinyozi alikuja mbio, amejitwisha kiti chake chenye mikono kichwani. Alimnyoa pale uani, akampaka mafuta, akakataa ujira kwa kujifanya hasikii. Ilikuwa Jumapili, na vijana wanaopanda treni ya alfajiri kwenda Bengaluru walikuwa nyumbani, wamelala au wanarekebisha antena juu ya mapaa. Habari ilipowafikia walikuja bila kuitwa. Wanne walikishika kiti cha kinyozi, mmoja kila mguu, wakamwinua mzee juu ya mabega.

"Taratibu!" Lourdu aliwapigia kelele akichechemea nyuma. "Huyo siyo jokofu!"

"Babu ni mwepesi kuliko begi langu la kazini," kijana mmoja alisema.

"Subiri mwinuko," Ekambaram alimjibu kutoka juu, "utaniambia habari za begi lako."

Wakapanda barabara inayopita chini ya vilima vyeupe vya mchanga uliobaki kwenye kinu cha dhahabu. Kila mlango walioupita, watu walitoka. Wanawake, waliomzoea mzee kama jina tu nyuma ya pazia, walimwona amekaa juu ya vichwa, shati jeupe, nywele zinameta, wakaanza kupiga vigelegele kama harusini. Mtu alileta ngoma. Watoto walitangulia wakitangaza kwamba marehemu anakuja, marehemu anakuja, na hakuna aliyewanyamazisha. Vadivu alitembea kando ya kiti, mkono wake umeshika mguu wa kiti, na hakuona aibu hata kidogo kwamba mtaa ulikuwa ukimwita kwa kutania, "Bibi Ekambaram! Tuitie tena!"

Mlangoni pa ukumbi aliomba ashushwe.

"Nitaingia kwa miguu. Nilitoka shimoni kwa miguu."

Ndani, mgeni rasmi, mama mmoja mkubwa serikalini, alikuwa amesimama jukwaani na karatasi yake, anasema kuhusu mji uliokuwa. Ngoma ilipokoma mlangoni, naye alikoma. Ekambaram alivuka sakafu. Hakwenda haraka. Alipumzika mara moja chini ya timu ya mpira, akakohoa mpaka akamaliza, na ukumbi mzima ukamngoja bila mtu kusogeza kiti. Jebaraj alimwendea ameunganisha viganja, macho yamejaa maji, akainama kugusa miguu yake. Mzee alimshika bega akamwinua.

"Umeitafutia picha yangu fremu nzuri," alimwambia. "Ya kwangu nyumbani imeliwa na mchwa. Sasa sogea kidogo."

Alinyoosha mkono, akaliondoa koja kwenye picha ya kijana yule mweusi wa vumbi aliyebeba mtu mgongoni. Lilinasa kwenye pembe ya fremu, akalivuta, likaja. Alilitupa dirishani. Nje ng'ombe alilipokea.

Hapo ndipo ukumbi ulipolipuka. Watu walisimama, walipiga makofi, walipiga meza. Mgeni rasmi aliikunja karatasi yake akaitia mkobani, akashuka jukwaani, akamletea mzee kiti chake mwenyewe. Vadivu aliliona na hilo.

"Babu," mama yule alisema, "mimi nimeandikiwa maneno na watu ambao hawajawahi kufika hapa. Hebu tuambie wewe. Hawa ni akina nani?"

Ekambaram hakukikalia kiti. Aliweka kidole kwenye kioo. "Huyu ni Lourdu, mnamwona pale, bado ananuka kitunguu saumu. Huyu nyuma ni Savari, alikuwa anaimba kule chini ili tusisikie mwamba. Huyu mwembamba ni Kuppan. Maji yalipobaki kidogo, alilowanisha midomo tu akampa mwenzake kopo. Nilimwona. Alidhani giza limemficha."

Mwanamke mmoja katikati ya watu akasema kwa sauti iliyokatika, "Kuppan ni baba yangu. Hilo hakuwahi kutuambia."

"Asingewaambia," Ekambaram alisema. "Njoo mbele, binti. Simama hapa."

Akaja. Mjukuu wa Savari naye akaja. Kisha ikawa haizuiliki tena. Watu walitawanyika ukutani wakitafuta wa kwao, wakiitana kutoka upande hadi upande, huyu ana pua yako, huyu ndiye aliyempiga mhasibu, tazama mama na nywele zile! Kikongwe mmoja alijigundua kati ya wachambua mawe, msichana wa pembeni aliyefunga macho, akaanza kumlaumu mpiga picha aliyekwisha kuoza zamani. Alilivua koja lake mwenyewe kabla hajaulizwa. Jebaraj alikimbia huku na huko na kalamu, anafuta "marehemu" hapa, anaandika majina pale, shati limelowa jasho, mwenye furaha kuliko mtu yeyote mle ndani.

Jioni kiti kilirudi mabegani, lakini aliyekikalia ni Lourdu, kwa madai kwamba mguu wake nao una historia. Ekambaram alitembea, akipumzika kila alipotaka, na kila alipopumzika mtu alimletea kahawa.

Asubuhi iliyofuata Vadivu aliamka akakuta kitanda kitupu. Moyo ulimruka. Alitoka nje na nywele zake hazijafungwa. Mumewe alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango, juani, amemkamata yule binti wa nyumba ya pili akiwa na mtungi wa maji kichwani, anamsimulia habari za winchi iliyokuwa ikiwapandisha kutoka shimoni, na binti hana namna ya kukimbia.

"Umechelewa kuamka," alimwambia mkewe. "Ukumbi unafunguliwa saa ngapi? Na punguza chumvi."